Mchanga wa Pugu, Mafuriko ya Jangwani

Masika yakikaza jijini Dar es Salaam, Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani, mabasi ya mwendokasi husitisha safari za kupita hapo, na abiria wa Kariakoo huanza kuulizana njia. Lawama zote huangushiwa mvua. Mvua ina sehemu yake, lakini chanzo kikubwa kimelala chini ya maji yenyewe: Mto Msimbazi umejaa mchanga.

Mto huu huanzia vilima vya Pugu, Kisarawe, ukashuka kilomita 35 hivi hadi baharini kwenye Daraja la Selander. Huko juu maji yana nguvu. Kuna kanuni ya zamani inayosema kuwa kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, uzito wa jiwe kubwa kabisa yanaloweza kulisukuma huongezeka takriban mara 64. Kasi ikipungua, nguvu hiyo nayo hupotea kwa kiasi hichohicho. Ndiyo maana maji yakifika tambarare ya Jangwani hutua mzigo: kwanza mchanga, kisha tope laini. Chembe ndogo kabisa za mfinyanzi, zikikutana na chumvi ya bahari, hushikamana, zikawa nzito na kuzama mlangoni mwa mto. Sasa mvua kubwa ikiangukia siku za bamvua, bahari inapanda, mto unashuka, na kina hakipo. Maji yatapita wapi kama si majumbani? Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam.

Samaki nao wanaumia, ingawa msiba wao hautangazwi. Perege dume huchimba kiota cha duara kwenye sakafu ya maji. Jike hutaga humo, kisha huyabeba mayai mdomoni. Sakafu inayofunikwa tope jipya kila mvua inyeshapo haimpi nafasi hiyo. Tope huziba matamvua, na mwani ambao wadudu wa majini huutegemea hukosa mwanga. Kambare huendelea kuwapo kwa sababu ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu, kwa hiyo kumwona kambare si ushahidi kwamba mto ni mzima. Kule mlangoni, mchu hupumua kwa vijiti vya mizizi vinavyochomoza matopeni. Vikifukiwa, mti hufa, na kamba pamoja na watoto wa samaki wa baharini hukosa pa kujificha.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya Bonde la Msimbazi: kuchimba na kupanua mkondo, kujenga daraja la juu zaidi Jangwani, kuwalipa fidia na kuwahamisha wakazi wa bondeni, na kuacha sehemu ya bonde iwe bustani ambayo mto unaweza kuifurikia bila kuua mtu. Nauunga mkono mpango huu, hasa hilo la kuurudishia mto nafasi yake. Mkondo uliobanwa kwa saruji huharakisha maji na kuwahamishia mafuriko walio chini, wala samaki hapati pa kutagia.

Hofu yangu ni kijiko kufanya kazi Jangwani peke yake. Huko juu misitu imekatwa kwa mkaa, mitaa ya vumbi inamomonyoka, na wanaochimba mchanga wa kujengea hukata kingo hadi zinaporomoka na nyumba. Kuwakimbiza tu hakutasaidia, maana jiji linajengwa kila siku na mchanga unahitajika. Afadhali yajengwe mabwawa madogo ya kunasa mchanga, wachimbaji waruhusiwe kuuchota hapo kwa kibali, na kingo zipandwe matete na mianzi.

Wenye dhamana wasipitishe fedha za kufukua Jangwani bila kutenga fungu la Pugu. Mkondo utakaochimbwa leo, kama mchanga wa juu haukuzuiwa, utajaa tena.