Sarafu Zilizojenga Vijiji Jangwani

Askari asomaye ramani hujifunza mapema kwamba alama ndogo juu ya karatasi yaweza kuwa na uzito kuliko kikosi kizima. Somo hilo lilitekelezwa katika jangwa la Negev, kusini mwa nchi iitwayo leo Israel, usiku wa kuamkia tarehe 6 Oktoba, 1946. Sikukuu ya Yom Kippur ilipokwisha, malori yalitoka gizani yamesheheni mbao, seng'enge na watu. Kulipopambazuka, vilikuwapo vijiji vipya 11 mahali ambapo jana yake hapakuwapo hata kimoja.

Waingereza ndio walioitawala Palestina wakati huo, na tangu mwaka 1940 walikuwa wameuwekea mipaka mikali ununuzi wa ardhi kwa Wayahudi. Waliokwenda usiku ule walitaka waonekane katika ramani kabla nchi haijagawanywa. Hesabu yao haikuwa mbaya: tarehe 29 Novemba, 1947, Umoja wa Mataifa ulipopitisha mpango wa mgawanyo, sehemu kubwa ya Negev iliangukia upande wa dola ya Kiyahudi.

Ardhi ya vijiji hivyo ilipatikana kwa fedha za sadaka. Mfuko wa Taifa wa Wayahudi ulianzishwa Basel, Uswisi, mwaka 1901, na katika nyumba nyingi za Wayahudi wa Ulaya na Amerika kiliwekwa kijisanduku cha buluu. Watoto walitumbukiza sarafu kabla ya taa za Sabato kuwashwa. Hivyo fundi viatu ambaye hakupata kuiona Palestina maishani mwake alikuwa na sehemu yake katika mpango ambao, tukisema kweli, ulikuwa wa kijeshi nusu nzima.

Katika shule ya kadeti tulifundishwa tuulize kwanza: maji yako wapi? Jangwani swali hilo halikwepeki. Mwaka 1947 vijiji vile vililazwa mabomba, na mabomba hayo yana historia yake: yalikuwa yametumika London kuzima moto wakati ndege za Wajerumani zilipokuwa zikiuangushia mji huo mabomu. Mwaka 1964 ukakamilika mfereji mkuu wa kuyaleta maji ya kaskazini hadi kusini. Mwaka huo huo Mfuko ulianza kupanda msitu wa Yatir, mahali ambapo mvua ya mwaka haifiki milimita 300, na misonobari ikasimama. Waziri Mkuu wa kwanza, David Ben-Gurion, alihamia kijiji cha Sde Boker mwaka 1953, akazikwa karibu nacho mwaka 1973. Jeshi nalo lilikuwa na kikosi cha Nahal, kilichoundwa mwaka 1948, ambamo kijana alishika bunduki na jembe kwa zamu. Wazo hilo lilifika hata Tanzania, na lilikuwa mojawapo ya mifano iliyotazamwa wakati Jeshi la Kujenga Taifa lilipoanzishwa mwaka 1963.

Hata hivyo, jangwa halikuwa tupu. Walikuwamo Wabedui (kwetu neno bedui limegeuka kuwa tusi, lakini hapa ni jina la watu wenye koo, mifugo na mashamba ya shayiri). Baada ya vita vya 1948 walibaki kama 11,000 tu. Wengi wa waliobaki walikusanywa mashariki ya Be'er Sheva, wakawa chini ya utawala wa kijeshi hadi mwaka 1966. Baadaye walijengewa miji, Tel Sheva ukiwa wa kwanza na Rahat ukifuata. Waliokataa kuhamia huko waliishi katika vijiji visivyotambuliwa na serikali, pasipo umeme wala bomba.

Katika miaka ya 2000 tawi la Mfuko huko Marekani lilianzisha kampeni mpya, Blueprint Negev, ya kuchangia makazi mapya. Mengi mema yalifanyika. Kingo za mto wa Be'er Sheva, zilizokuwa jaa, zikawa bustani. Lakini Mfuko ulipanda miti pia katika eneo la al-Araqib, ambalo Wabedui husema ni lao. Kijiji chao kilibomolewa Julai 2010, kikajengwa, kikabomolewa tena, mpaka hesabu ikapita mara 200. Kila mara aliyetumwa asubuhi ni polisi. Mtoa sadaka yuko mbali na hayaoni.

Umm al-Hiran kilikuwa kijiji cha Wabedui waliohamishiwa hapo mwaka 1956 kwa amri ya jeshi lenyewe. Serikali ilitaka kujenga mji wa Kiyahudi mahali pake, na mwaka 2015 Mahakama Kuu ikaruhusu. Alfajiri ya tarehe 18 Januari, 2017, polisi walifika kubomoa. Mkazi mmoja, mwalimu wa shule, alipigwa risasi na polisi akiwa ndani ya gari lake, na gari hilo likamgonga askari polisi. Wote wawili wakafa. Wakubwa walitangaza siku ile ile kwamba mwalimu alikuwa gaidi. Mwaka 2020 Waziri Mkuu Netanyahu aliiomba radhi jamaa yake, akakiri kwamba hakuwa gaidi.