Tutengeneze Kikuza Sauti cha Betri

Wazee wetu wengi hapa Tanzania wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wazima wapatao milioni 2 walijiunga katika vikundi. Walisikiliza redio pamoja, kisha wakajadili namna ya kuzuia magonjwa. Mwaka 1975 ikaja Chakula ni Uhai, nayo ikaendeshwa vivyo hivyo.

Vikundi vya kusikiliza bado vinafaa. Lakini redio ndogo ni redio ndogo. Kikundi chetu kina watu 30 na redio moja ya mkononi. Waliokaa mbele wanasikia vizuri. Walio nyuma wanaulizana, "Kasemaje? Kasemaje?" Na walio nyuma ni akina nani? Wengi ni akina mama, maana wao hufika mwisho, baada ya kumaliza kazi za nyumbani. Wakichoka kuuliza, huondoka. Jambo hili lilitusumbua, ndipo tukaamua kutengeneza kikuza sauti. Vijana hukiita amplifaya.

Kwanza tuelewe kinafanya nini. Watu hudhani kikuza sauti huichukua sauti ndogo na kuinenepesha. Sivyo. Fikiria mfereji wa maji ya kumwagilia shamba. Mtoto ameshika mlango wa mfereji. Akiuinua kidogo, maji kidogo hupita. Akiuinua sana, maji mengi hupita. Mtoto hasukumi maji. Nguvu ya maji inatoka mtoni, yeye anafungua na kufunga tu.

Basi, sauti ya redio ndiyo mkono wa mtoto. Betri ndiyo mto. Spika ndiyo shamba. Ukiushika mfano huu, mengine yote yatakuwa rahisi.

VIFAA

Tulitumia kidude cheusi chenye miguu 5. Mafundi hukiita aisi. Mgongoni kimeandikwa TDA2003. Kilitengenezwa kwa ajili ya redio za gari, kwa hiyo kinapenda betri ya volti 12. Mwulize fundi redio. Huenda anacho katika redio mbovu zilizolala dukani kwake.

Hebu shika aisi hiyo, maandishi yakutazame, miguu ielekee chini. Hesabu kutoka kushoto: 1, 2, 3, 4, 5.

Mguu wa 1 ndipo sauti inapoingia, kupitia kapasita ya maikrofaradi 2.2. Kabla ya hapo weka kitufe cha kuzungusha cha kilo-omu 10, ili uweze kupunguza na kuongeza sauti. Mguu wa 3 ni hasi ya betri. Mguu wa 5 ni chanya. Mguu wa 4 ndipo sauti iliyokuzwa inapotoka. Hapo weka kapasita kubwa ya maikrofaradi 1000, upande wake wa chanya uelekee kwenye aisi. Kisha unganisha spika ya omu 4, na waya wake wa pili uende hasi. Kapasita hiyo hupitisha sauti, lakini huzuia umeme wa betri usiingie moja kwa moja kwenye spika na kuiunguza.

Mguu wa 2 una kazi ya ajabu kidogo. Wenyewe husikiliza kile kinachotoka mguu wa 4. Toa rezista ya omu 220 kutoka mguu wa 4. Iunganishe na rezista ya omu 2.2 inayokwenda hasi. Pale zinapokutana, weka kapasita ya maikrofaradi 470 iende mguu wa 2. Sasa gawa 220 kwa 2.2. Utapata 100. Maana yake sauti itakuzwa mara 100 hivi, na aisi itajisahihisha yenyewe kila inapokosea. Hesabu tulizofundishwa darasani zina kazi, mnaona!

Viko vitu vidogo viwili ambavyo mtu mvivu huviacha. Cha kwanza ni kapasita ya maikrofaradi 0.1 kati ya mguu wa 5 na wa 3. Iwe karibu kabisa na miguu. Cha pili ni rezista ya omu 1 pamoja na kapasita nyingine ya 0.1, zikifuatana, kutoka mguu wa 4 kwenda hasi. Ukiziacha, aisi inaweza kuanza kutetemeka kwa sauti ya juu mno ambayo sikio halisikii. Utaona tu inachemka, na huku hakuna muziki.

Aisi ifungwe kwa skrubu kwenye kipande cha aluminiamu, ukubwa wa kiganja. Sahani ya zamani iliyokatwa inafaa. Bila hilo itapata joto na kujizima.

Vyote huunganishwa kwa chuma cha kulehemu na waya wa risasi. Risasi ni sumu. Nawa mikono kabla ya kula, na watoto wasichezee mabaki.

Jambo moja tunalisema kwa mkazo. Chombo hiki ni cha betri. Msijaribu kukiunganisha na umeme wa nyumba, ule wa volti 230. Ule unaua.

KOSA LETU

Aisi ya kwanza tuliiua wenyewe. Ilikuwa jioni, taa hafifu, na kila mtu ana haraka ya kusikia. Mmoja wetu akashika waya za betri akazigeuza. Chanya ikaenda hasi. Tukasikia "chii", tukaona moshi, tukanusa harufu mbaya. Kazi ya siku mbili ikaisha pale pale.

Kumbe waliounda aisi hii walilifikiria kosa hilo. Inaweza kuvumilia waya zikigeuzwa kwa muda mfupi, muda wa kutosha fyuzi ya haraka ya ampea 2 kukatika. Sisi hatukuweka fyuzi. Tuliona ni gharama bure! Fyuzi ni bei ndogo kuliko aisi. Siku hizi waya wa chanya tumeufunga kitambaa chekundu, na fyuzi iko karibu na betri.

KUSIKILIZA

Ya pili ilikubali. Ukiwasha, spika hupiga "tup" mara moja. Usishtuke, ni kapasita kubwa inajaa. Kisha kimya. Ukiweka sikio karibu utasikia "shiii" ndogo sana, kama mvua ya mbali. Hiyo ni kawaida.

Tukachomeka waya kwenye tundu la redio la kusikilizia. Kama chombo chako, kwa mfano simu, kinatoa sauti ya kushoto na ya kulia, usizifunge pamoja hivi hivi. Kila moja ipitie rezista ya kilo-omu 1, ndipo zikutane.

Tukasikia mtangazaji. Lakini tuseme kweli, tulisikitika. Sauti ilikuwa kubwa, ila nyembamba, kama mtu anayeongea ndani ya kopo. Mmoja akasema, "Wati hazitoshi, tutafute aisi kubwa." Karibu tupoteze fedha tena.

Kosa halikuwa kwenye aisi. Spika tuliiacha wazi mezani. Spika inaposukuma hewa kwa mbele, huku nyuma inaivuta. Hewa ya mbele inazunguka pembeni na kujaza pengo la nyuma. Sauti nene zote zinapotea hapo. Tukachukua mlango wa kabati bovu, tukakata tundu, tukaifunga spika yetu ya inchi 6 hapo. Papo hapo sauti ikanenepa. Hatukubadilisha kitu kingine chochote. Jaribuni wenyewe, maana ukiambiwa tu huwezi kuamini.

Kisha tukapandisha sauti mpaka mwisho. Ikaanza kukwaruza, kama bati linalotikiswa na upepo. Hapo mlango wa mfereji umefunguliwa wote. Mtoto anauinua zaidi, lakini maji hayaongezeki. Ukisikia mkwaruzo huo, rudisha kitufe nyuma. Sauti inayokwaruza haifiki mbali zaidi. Maneno hayaeleweki, na spika ndogo huweza kuungua.

Chombo chetu kina wati ngapi? Tuhesabu. Betri ni ya volti 12, kwa hiyo umeme wa sauti unaweza kupanda volti 6 na kushuka volti 6. Karibu volti 1 inapotea ndani ya aisi. Zinabaki 5. Mara 5 ni 25. Gawa kwa omu 4 za spika, kisha gawa kwa 2, kwa kuwa mawimbi hupanda na kushuka. Jibu ni wati 3 na kitu kidogo.

Wati 3! Na huko sokoni kuna maboksi yenye karatasi inayong'aa, eti "Wati 1000", yanayotumia betri hiyo hiyo. Zipo mashine za gari zenye nguvu kweli, zinazopandisha volti kwanza. Lakini hizo ni nzito, waya zake ni nene, na hunywa betri kama ng'ombe mwenye kiu. Kaboksi kepesi chenye kiwaya chembamba hakiwezi. Wati zile ni za karatasi.

Tena sikio lina tabia yake. Ukitoka wati 3 kwenda 6, sikio linaona tofauti ndogo tu. Ili lione sauti imekuwa kama mara mbili, unahitaji wati kama 30. Lakini kuinua spika juu ya vichwa vya watu hakuna gharama.

Ikipiga kwa nguvu zote, aisi yetu inavuta ampea 0.45 hivi. Betri ndogo ya ampea-saa 7, bila kuimaliza zaidi ya nusu, inatosha saa 7 na zaidi. Kipindi chetu ni nusu saa. Tunaichaji kwa sola ya mwenyekiti.

Siku ya kikundi tuliutundika mlango ule kwenye mwembe, juu kidogo ya vichwa. Mmoja wetu akaenda kukaa nyuma kabisa, karibu na njia ya kisimani, kusudi atuambie. Akina mama walipofika walikaa hapo hapo alipo yeye. Mtangazaji alikuwa akieleza habari za mbegu. Hakuna aliyeuliza, "Kasemaje?" Kipindi kilipokwisha, swali la kwanza lilitoka nyuma. Lilikuwa swali gumu, na waliokaa mbele hawakuweza kulijibu.

Sasa mwenyekiti anataka kukitumia chombo hiki kwenye mkutano wa kijiji, aongee kwa maikrofoni. Tumemwambia asubiri. Umeme wa maikrofoni ni mdogo sana. Hata ukikuzwa mara 100 bado hautoshi kuisukuma spika. Inatakiwa hatua nyingine ndogo ya kukuza, mbele ya kitufe. Tumeshapata vifaa vyake, na safari hii fyuzi tumeinunua kwanza.