Fikra, Nia na Jaribio: Istilahi Zihusuzo Kujiua

Miongoni mwa maneno yanayowataka wafasiri uangalifu mkubwa ni yale yahusuyo afya ya akili. Tuchukue mfano wa wanafunzi wa udaktari. Mwaka 2016, jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani lilichapisha uchambuzi wa tafiti zilizofanywa katika nchi 43. Ilionekana kwamba asilimia 27.2 ya wanafunzi hao walikuwa na sonona au dalili zake, na katika tafiti zilizouliza habari za kujiua, asilimia 11.1 walikuwa na fikra hizo. Kati ya walioonyesha dalili za sonona, asilimia 15.7 tu ndio waliotafuta matibabu.

Mfasiri akiandika kwamba asilimia 11.1 "walikusudia kujiua", amekwisha geuza fikra kuwa nia; akiandika "walijaribu", amezua tendo lisilokuwapo. Hivyo yafaa dhana hizi zitenganishwe:

Sonona: ugonjwa unaomwondolea mtu furaha, hamu na nguvu kwa majuma mfululizo. Si huzuni ya kawaida, wala si kichaa.

Fikra za kujiua: mawazo ya kuutoa uhai wake mtu, hata kama hapana mpango.

Nia ya kujiua: azma ya kuyatimiza mawazo hayo.

Jaribio la kujiua: tendo la kujidhuru kwa nia ya kufa, ambalo halikuleta kifo.

Kujidhuru: kujiumiza kwa makusudi, iwe pana nia ya kufa au hapana.

Tofauti hizi si za kamusi tu. Hojaji ya maswali 9 itumiwayo sana kupima sonona humwuliza mtu, katika swali la mwisho, kama katika majuma mawili yaliyopita amepata kuona ni afadhali afe, au kufikiria kujidhuru. Swali hilo likifupishwa kuwa "Je, umekusudia kujiua?", mwanafunzi aonaye ni afadhali afe, lakini hajakusudia lolote, atajibu "hapana", na msaada utampita.

Wala haifai kulificha swali kwa tafsida. Kumwuliza mtu waziwazi hakumtii fikra hizo. Humfungulia mlango wa kusema. Kwa mwanafunzi anayeogopa kuitwa kichaa na wale atakaofanya nao kazi kesho, neno sahihi huweza kuwa mwanzo wa kupona.