Je, Wajua? Mkono Uliopooza Hufanyishwa Mazoezi kwa Fikra

Mgonjwa wa kiharusi anaweza kuufanyisha mazoezi mkono uliopooza bila kuuinua. Hufumba macho, akajiona akiunyoosha, akishika kikombe, akihisi uzito na joto lake, akikileta taratibu hadi mdomoni. Ubongo unapowaza tendo hilo, sehemu nyingi zinazoamka ni zilezile zinazouongoza mkono wenyewe.

Mwaka 2007, Stephen Page na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya utafiti wa wagonjwa 32, walioishi na kiharusi kwa wastani wa zaidi ya miaka 3. Wote walipewa tiba ya viungo kwa wiki 6. Kundi moja liliongezewa mazoezi ya fikra, jingine mazoezi ya kuutuliza mwili. Waliowaza ndio waliopata nafuu kubwa zaidi ya mkono. Baada ya miaka 3! Hilo ni tumaini kwa wengi walioambiwa muda umeshapita.

Ila fikra peke yake haitoshi: utafiti wa Uingereza wa 2011, wenye wagonjwa 121, haukuona faida pale mazoezi hayo yasipoambatana na ya mwili. Unayemuuguza mgonjwa wa kiharusi, muulize mtaalamu wa tiba ya viungo jinsi ya kuyafanya yote mawili.