Nguvu, Mvuto na Ulaji wa Mafuta: Lugha ya Kuchagulia Pikapu Kikoneni

Pikapu inapozungumziwa Kikoneni, katika kaunti ya Kwale, maswali mawili hutangulia mengine yote: ina nguvu? Na inakula vipi? Ni maswali ya watu wanaojua wanachokitafuta. Kikoneni iko upande wa bara wa barabara kuu ya Likoni hadi Lunga Lunga, na mazao yake, yakiwemo machungwa, maembe, nazi, korosho, mahindi na mihogo, hayana budi kutoka mashambani kwa njia za udongo kabla ya kuifikia lami. Anayeyapeleka soko la Kongowea huweza kupitia Likoni na kungoja feri. Anayeyapeleka Kwale mjini hupanda vilima vya Shimba hadi kiasi cha mita 400 juu ya usawa wa bahari. Mnunuzi wa pikapu kuukuu aliyechanga fedha na nduguze, au aliyekopa katika chama cha akiba, hana nafasi ya kununua ya pili iwapo ya kwanza haikumfaa.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba neno “nguvu”, jinsi linavyotumika katika maswali hayo, limebeba dhana mbili ambazo fundi wa mitambo huzitenganisha, na kwamba kuzichanganya kunaweza kumtia mnunuzi hasara. Kitenzi “kula” nacho kina mtego wake, ingawa si wa aina hiyo.

Na ianzwe kwa nguvu. Injini yoyote ya gari huzungusha mtaimbo uitwao krenki. Kuna kiasi cha kani inayousokota mtaimbo huo, na kuna kasi ambayo kwayo mtaimbo unazunguka. Kani ya kusokota hupimwa kwa nyutoni-mita. Kasi hupimwa kwa mizunguko kwa dakika. Ukizidisha kani hiyo kwa kasi hiyo, unapata kiasi cha kazi inayotendwa kila sekunde, nacho hupimwa kwa kilowati au kwa nguvu-farasi. Kwa hiyo injini mbili zinaweza kulingana kwa kilowati huku moja ikizipata kwa kusokota kwa kani kubwa polepole, na nyingine kwa kusokota kwa kani ndogo upesi upesi. Katika mazungumzo, zote mbili “zina nguvu” sawa. Kwenye kilima chenye matope, hazina.

Mfano ulio wazi hupatikana ndani ya jina moja la gari. Toyota Hilux ya kizazi kilichozinduliwa mwaka 2015 imeuzwa kwa injini kadhaa. Mojawapo ni ya petroli, ya lita 2.7, yenye kilowati 122 kwenye mizunguko 5,200, na kani ya juu kabisa ya nyutoni-mita 245 kwenye mizunguko 4,000. Nyingine ni ya dizeli, ya lita 2.4, yenye kilowati 110 kwenye mizunguko 3,400, na katika mojawapo ya matoleo yake hutoa nyutoni-mita 400 kati ya mizunguko 1,600 na 2,000. Atakayesoma kilowati pekee ataichagua ya petroli. Lakini dereva aliyepakia magunia hapandi kilima injini ikilia kwa mizunguko 5,200. Hupanda nayo ikizunguka kwa utulivu. Kwenye mizunguko 1,800, injini ile ya dizeli inatoa takriban kilowati 75. Ya petroli, hata ikikirimiwa kani yake yote ya nyutoni-mita 245 katika mwendo huo, jambo lisilowezekana, isingevuka kilowati 46. Injini “yenye nguvu zaidi” kwa karatasi ndiyo inayolazimika kurudishwa gia ya chini na kukanyagwa zaidi.

Madereva hawakosi neno la kulieleza jambo hili. Husema gari “linavuta” au “halivuti”, na hulisema baada ya kulipanda kilima, si baada ya kusoma kijitabu. Katika istilahi za sayansi zilizozoeleka Tanzania, “kani” hutumika kwa msukumo au mvuto unaotenda juu ya kitu, na “nishati” kwa uwezo wa kutenda kazi. Kwa misingi hiyo mwanaistilahi angeweza kuunda “kani ya msokoto” na kuridhika. Hata hivyo, “mvuto” lina haki ya kutangulia kwa sababu limetokana na kitenzi ambacho tayari kimo vinywani mwa watumiaji, na istilahi inayozaliwa gereji huishi kuliko inayozaliwa kamatini. Wanafunzi wa fasihi, waliozoea kuandika juu ya mvuto wa riwaya, watavumilia kugawana neno hilo na makanika.

Nguvu-farasi yenyewe ni kipimo chenye historia ya kibiashara. James Watt, mhandisi wa Uskoti, alikitumia katika karne ya 18 ili wateja waliozoea kutumia farasi waweze kulinganisha mitambo yake ya mvuke na wanyama wao. Kwa maneno mengine, kilikuwa tafsiri: jambo geni lilielezwa kwa lugha ya jambo lililozoeleka. Katika nyika za Kwale, zenye mbung'o, farasi hakuwa mnyama wa kazi, na mzigo ulichukuliwa na punda au hamali. Tafsiri ya Watt ilifika Pwani ikiwa imepoteza kile kilichokuwa kinaifanya ieleweke. Haishangazi kwamba “farasi 150” hubaki sifa ya kujivunia tu, isiyomwambia mwenye shamba gari litamfanyia nini.

Ni nguvu kiasi gani basi zinazohitajika? Na ichukuliwe pikapu ambayo, pamoja na shehena ya tani moja, ina uzito wa kilo 2,900, ikipanda mwinuko wa mita moja kwa kila mita 10 kwenye barabara ya udongo, kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa. Kuushinda mwinuko kunahitaji takriban kilowati 24. Kuushinda ukinzani wa udongo chini ya matairi kunaongeza kiasi cha kilowati 7. Jumla ni kilowati 31, yaani robo tu ya zile 122. Hilux kuukuu za miaka ya 1980 na 1990, zenye injini ya dizeli ya lita 2.4 isiyo na tabo, zilikuwa na kilowati zipatazo 60 na nyutoni-mita 165 hivi, na zilipanda vilima hivyo hivyo zikiwa zimesheheni. Zilipanda polepole, kwa gia ya pili, lakini zilifika. Tofauti ya nyutoni-mita 165 na 400 katika injini mbili za ukubwa ule ule wa lita 2.4 inatokana kwa sehemu kubwa na tabo, yaani feni inayosukumwa na moshi unaotoka ili kuishindilia injini hewa zaidi, pamoja na mifumo ya kisasa ya kupuliza dizeli kwa shinikizo kubwa. Hapa ndipo penye faida ya kweli ya pikapu mpya, na ndipo pia penye gharama yake, kama itakavyoonekana.

Sasa kuhusu kula. Kiswahili huliona gari kama kiumbe: hula mafuta, hunywa mafuta, huchoka. Sitiari hii ni nzuri, ila humfanya msikilizaji adhani kwamba ulaji ni tabia ya gari peke yake, kama mtoto mlafi. Kwa hakika ulaji ni uhusiano wa gari, mzigo, njia na mguu wa dereva. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo pikapu inayotoka kilomita 80 hadi 100 kwa saa kwenye lami kati ya Msambweni na Ukunda hukabili ukinzani wa hewa ulioongezeka kwa zaidi ya nusu. Matairi yenye upepo haba, chujio la hewa lililojaa vumbi jekundu na foleni ya feri injini ikiwa inanguruma: vyote hivi hula, na lawama huenda kwa gari.

Zipo hata hivyo sababu za kimaumbile zinazoifanya dizeli ile kidogo. Lita moja ya dizeli ina nishati zaidi ya lita ya petroli, kwa takriban sehemu moja ya kumi. Injini ya dizeli, ambayo Rudolf Diesel wa Ujerumani alifanikiwa kuiendesha mwaka 1897, huwasha mafuta kwa joto la hewa iliyobanwa sana, na kadiri hewa inavyobanwa ndivyo sehemu kubwa zaidi ya joto inavyogeuzwa kuwa kazi. Aidha, injini ya kawaida ya petroli hupunguzwa mwendo kwa kuzibwa koo: kilango kwenye njia ya hewa hufungwa kiasi, na pistoni hutumia kazi kuvuta hewa kupitia mwanya mwembamba. Dizeli haihitaji kuzibwa namna hiyo. Hupunguziwa mafuta tu. Ndiyo maana tofauti ya ulaji huonekana zaidi gari linapokwenda taratibu kuliko linapokamuliwa.

Upo mtego mwingine katika kuhesabu. Nchini Kenya watu husema kilomita kwa lita, ilhali vijitabu vingi vya watengenezaji husema lita kwa kilomita 100. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani, Richard Larrick na Jack Soll, walionyesha katika jarida la Science kwamba kipimo cha mwendo kwa ujazo wa mafuta huwapotosha watu. Hesabu yake ni rahisi. Anayeacha gari la kilomita 6 kwa lita na kuchukua la kilomita 8 huokoa zaidi ya lita 4 katika kila kilomita 100. Anayeacha la kilomita 12 na kuchukua la 14 huokoa lita 1 na kitu. Masikioni, nyongeza zote mbili ni “kilomita mbili zaidi”. Mfukoni, moja ni zaidi ya mara tatu ya nyingine. Mwenye pikapu kuukuu inayokula sana ndiye mwenye mengi ya kuokoa, naye ndiye huambiwa kwamba tofauti ni ndogo.

Je, dizeli ichaguliwe daima? La. Tuseme pikapu ya dizeli inazidi ya petroli bei kwa Sh300,000, inakwenda kilomita 11 kwa lita dhidi ya 8, na lita ya mafuta yoyote kati ya hayo mawili ni Sh180. Itaokoa lita 3.4 hivi kwa kila kilomita 100, na tofauti ya bei itarudi baada ya takriban kilomita 49,000. Mchuuzi anayekwenda kilomita 200 kwa siku, siku sita kwa wiki, atazifikisha kabla ya mwaka kwisha. Mkulima anayetoa gari mara moja kwa wiki kwa safari ya kilomita 200 atangoja karibu miaka mitano, na katika miaka hiyo nozeli au tabo ikiharibika, akiba yote itaishia gereji. Nozeli za kisasa, zenye matundu membamba mno, hazivumilii uchafu na maji kama zilivyovumilia za kale. Dizeli iliyonunuliwa kwa dumu kando ya njia ni hatari kwake, sembuse iliyochanganywa na mafuta ya taa, udanganyifu ulioenea kiasi kwamba mwaka 2018 Kenya iliweka ushuru wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuuondolea faida.

Suala hili linawahusu wanafunzi wa Kiswahili kwa sababu ya lugha inayotumika pale gari linapouzwa. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Ibara ya 46 inampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi kikamilifu bidhaa aliyoinunua. Hata hivyo, vijitabu vya magari kwa kawaida huja kwa Kiingereza, na muuzaji anapovitafsiri kwa mdomo hugeuza tarakimu zote mbili, ya kilowati na ya nyutoni-mita, kuwa “nguvu”. Mnunuzi mwenye maneno mawili anaweza kuuliza: mvuto wake ni nyutoni-mita ngapi, na kwenye mizunguko mingapi? Mwenye neno moja hujibiwa kwa ile iliyo kubwa.

Kuhusu ulaji, hakuna haja ya kumwamini mtu. Tangi lijazwe pomoni na kilomita zilizo dashibodini ziandikwe. Gari lifanye kazi yake ya kawaida kwa wiki nzima, na shehena yake ya kawaida, kwa njia zake za kawaida. Kisha lijazwe tena katika kituo kile kile, kwenye pampu ile ile, likiwa limesimama pale pale, kwa sababu sakafu iliyoinama hulifanya tangi lionekane limejaa mapema. Lita zilizoingia zigawanywe kwa kilomita zilizokwendwa na jibu lizidishwe kwa 100. Zoezi lirudiwe wakati wa masika, maana tarakimu ya Januari kwenye udongo mkavu si ile ya Mei.