Maua ya uani na macho ya mama

Mmenizoea na mada za presha na sukari, basi leo msishangae nikianza na maua. Kwenye afya tutafika.

Mama mkwe wangu alikuja kuishi nasi hapa Uingereza akitokea Tanga. Mwaka wa kwanza alishinda ndani, pazia limefungwa, luninga inaongea peke yake. Baridi ilipopungua nikamwambia, "Mama, njoo unisaidie huku uani." Tulikuwa na ukanda wa majani kando ya uzio, urefu mita 5, upana mita moja na nusu. Tukauchimbua ili tutengeneze tuta la maua ya kudumu.

Maua ya kudumu ni yale ambayo juu yananyauka wakati wa baridi, lakini mizizi inabaki hai ardhini na mwaka unaofuata yanachipua yenyewe. Unanunua mara moja. Kwa mtu anayetuma hela nyumbani kila mwezi hilo si jambo dogo. Baada ya miaka mitatu au minne kila fundo limenenepa, unaligawa kwa sepetu, kipande kingine unampa jirani. Kama nyumba ni ya kupanga, muulize mwenye nyumba kabla hujachimba, au panda kwenye vyungu vikubwa.

Kosa la wengi wetu, na mimi nililifanya, ni kwenda dukani na kuchukua kichungu kimoja kimoja cha kila rangi. Ukishapanda inakuwa vurugu, jicho halina pa kutua. Mama hajasomea bustani popote, lakini khanga anazijua. Aliangalia vichungu vyangu akasema, "Mwanangu, khanga ina pindo na mji, na rangi zake mbili tatu basi. Hii ya kwako ina rangi ngapi?" Nikavirudisha nusu dukani.

Chagua ukoo mmoja wa rangi. Kuna ukoo uliopoa: buluu, zambarau na waridi, ambao una nepeta, salvia na jeraniamu za kudumu. Kuna ukoo wa moto: njano, chungwa na nyekundu, yaani rudbekia, heleniamu na krokosmia. Panda kila aina mitatu au mitano pamoja, kisha aina hiyo hiyo uirudie mbele kidogo, ndiyo tuta linaonekana kitu kimoja. Marefu yakae nyuma karibu na uzio, mafupi mbele. Rangi mbili zikigombana, weka kati yake maua meupe au mmea wenye majani ya kijivu. Wakati mzuri wa kupanda ni mwezi wa 9 na wa 10, udongo ukiwa bado na joto, au mwezi wa 3 na wa 4.

Anayetaka koo zote mbili amwige Gertrude Jekyll (1843–1932), bibi wa Kiingereza aliyesomea uchoraji. Macho yake yalikuwa mabovu, vitu vya mbali haoni, akazihamishia rangi zake bustanini. Nyumbani kwake Munstead Wood, Surrey, alikuwa na tuta la mita 60 hivi. Alianza na buluu, nyeupe na majani ya kijivu, akaingia njano hafifu, akafika chungwa na nyekundu katikati, kisha akapoza taratibu hadi zambarau upande wa pili. Mwaka 1908 alitoa kitabu kizima juu ya rangi bustanini.

Sisi tulichukua buluu na zambarau, na rudbekia za njano mwishoni kidogo kwa ajili ya mama. Mwezi wa 8 tuta likajaa. Mama akaketi na chai yake, akatazama weee, akasema, "Haya ya njano mazuri. Ila hayo mengine mbona kama majivu? Yamekufa?"

Hayakufa. Nepeta ilikuwa imejaa nyuki.

Na mimi nesi wa miaka mingi, nilicheka kwanza. Usiku ndipo nikakumbuka masomo yangu. Lenzi ya jicho hugeuka manjano kadiri umri unavyokwenda, na ikiwa hivyo huzuia mwanga wa buluu. Buluu na zambarau zinafifia, zinafanana na kijivu au nyeusi, wakati njano na nyekundu bado zinaonekana. Lenzi ikiendelea kuwa na ukungu ndiyo mtoto wa jicho. Mchoraji Claude Monet alipata tatizo hilo hilo, rangi za picha zake zikabadilika, mpaka akafanyiwa upasuaji mwaka 1923. Mgonjwa mwenyewe mara nyingi hajui, maana mabadiliko ni ya polepole na hayaumi.

Basi mkiwa na mzee nyumbani, mwulizeni rangi. Asiyetofautisha buluu na nyeusi, anayelalamika taa hazitoshi au zinamchoma macho, apelekwe kupimwa. Hapa England kipimo cha macho cha NHS ni bure kuanzia miaka 60, na kwa mwenye kisukari wa umri wowote. Aliyefika miaka 40 na mzazi, ndugu au mtoto wake ana presha ya macho, naye hupimwa bure. Hilo la mwisho linatuhusu sana watu wenye asili ya Kiafrika, kwani presha ya macho hutupata zaidi na mapema zaidi, nayo huiba uoni wa pembeni kimya kimya.

Kabla sijasahau, sumu. Dukani utakuta dijitalis, maua marefu ya kengele. Ni mazuri, lakini mmea mzima ni sumu ya moyo, na kabla haujachanua majani yake yanaweza kumdanganya mama aliyezoea kuchuma mboga. Akonitumu ya buluu ni hatari kuliko hiyo. Penye watoto, au mzee anayependa kuchuma majani, usipande kabisa. Vaa glavu, na hakikisha chanjo yako ya pepopunda imekamilika.

Mama alikutwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Jicho la kwanza lilifanyiwa upasuaji asubuhi, kwa ganzi tu, mchana akawa nyumbani. Wiki kadhaa alikatazwa kugusa udongo, akawa anatoa amri kutoka kitini. Kiangazi kilichofuata alisimama mbele ya tuta muda mrefu.

"Kumbe zambarau yote hii! Lakini mwanangu, hiyo njano umeiweka vibaya. Inaiua."

Mwezi wa 9 tunaihamisha.