Maji yaliyopita kati ya saa mbili na saa nne

Tarehe 16 na 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika hapa Uvira, ukaua watu na kubomoa nyumba nyingi. Aliyesimama darajani huuliza: maji yanapita kwa kasi gani? Anayechimba mtaro huuliza jingine: usiku kucha yamepita maji kiasi gani? Integrali ndiyo inayotutoa swali la kwanza na kutufikisha la pili.

Tuseme mvua imenyesha milimani, na kasi ya maji, kwa maelfu ya mita za ujazo kwa saa, ni f(t) = 6t − t². Namba hizi ni za kufundishia tu. Mulongwe wenyewe hautii fomula nyepesi namna hiyo. Herufi t ni saa zilizopita tangu saa kumi na mbili jioni. Hapa Kiswahili kinatufaa kuliko Kifaransa tulichofundishiwa hesabu: saa mbili usiku t ni 2, saa nne t ni 4, hakuna haja ya kutoa 18.

Kati ya saa hizo mbili kasi inabadilika kila dakika, kwa hiyo huwezi kuzidisha mara moja ukamaliza. Njia ndefu ni kukata muda vipande vidogo vidogo, kuzidisha kila kipande kwa kasi yake, kisha kujumlisha. Ndiyo maana alama ∫, aliyoianzisha Leibniz mwaka 1675, ni S ndefu: herufi ya kwanza ya summa, jumla kwa Kilatini.

Nadharia ya msingi ya kalkulasi inatupunguzia kazi hiyo. Fikiria maji yote yanaingia katika pipa moja kubwa, na F(t) ni maji yaliyomo. Kasi ya pipa kujaa ni f yenyewe. Basi yaliyoingia ni yaliyomo saa nne, ukitoa yaliyokuwamo saa mbili: F(4) − F(2). Kama pipa lilikuwa na maji kabla ya mvua, yanahesabiwa pande zote mbili na kufutana; ndiyo sababu hapa hatuandiki ile C inayowasumbua wanafunzi.

Kinachobaki ni kuitafuta F ambayo kasi yake ya kubadilika ni 6t − t². Ni 3t² − t³/3. F(4) ni 80/3, F(2) ni 28/3, tofauti ni 52/3: takriban mita za ujazo 17,333.

Kutoka 0 hadi 6, yaani mpaka saa sita usiku, ni 108 − 72 = 36, maana yake 36,000. Karibu nusu ya maji yote yamepita katika saa mbili za katikati. Mtaro uliochimbwa kwa kufuata wastani, 6,000 kwa saa, ungeletewa 9,000 ifikapo saa tatu.